Taa Saba Hazikurudi

Wapimaji walipofika kuchora alama nyekundu kwenye nyumba zitakazofunikwa na maji ya bwawa, Mama Taa hakuwafokea wala hakuwafungia mlango. Alikuwa ameketi kizingitini mwa jiko lake, ungo wa maharage mapajani, akaendelea kuchambua mpaka wakamaliza kuandika namba yao ukutani. Ndipo akauliza, "Na handaki mmelipaka rangi?"

"Handaki lipi, mama?" akauliza mmoja wao, yule aliyebana ramani kwapani.

"La maji. Linaanzia tumboni mwa mgodi, linapita chini ya kile kilima, linatokea bonde la pili."

Yule bwana akaikunjua ramani juu ya pipa, akapitisha kidole mara mbili. Shimo kubwa la mgodi lilikuwepo, chumba cha mashine kilikuwepo, hata choo cha wasimamizi kilikuwepo. Handaki halikuwepo.

"Hapa hakuna kitu kama hicho."

"Kwenye karatasi hakuna," akasema Mama Taa. "Chini lipo. Na ndani yake wamo watu saba."

Wapimaji wakatazamana vile watu wanavyotazamana mbele ya mzee anayeongea peke yake. Wakaaga kwa adabu, wakaenda zao. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa. Mama Taa aliiweka moyoni, kwa sababu alijua itafika siku watu wataapa kwamba hawakuambiwa.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Mtaa mzima wa wachimbaji ulimjua kwa kazi yake. Tangu akiwa na miaka ishirini na miwili alikuwa ndiye mtunza chumba cha taa, chumba kirefu chenye rafu pande zote mbili, ambamo kila taa ya kofia ilikuwa na namba yake na betri yake nzito ya kufungwa kiunoni. Asubuhi alizigawa kupitia dirisha dogo, jioni akazipokea, akazifuta tope na kuzirudisha kwenye umeme. Maji ya betri yalimtoboa kanga zote mpaka mama yake mzazi akawa anamuuliza kama anafuga panya. Lakini aliipenda kazi ile. Alizijua taa kwa namba na wenye taa kwa mikono, maana dirishani mikono ndiyo iliyotangulia kuonekana.

"Mama Taa, leo nipe yenye mwanga," mchimbaji mmoja alimwambia. "Ile ya jana nimemwamkia panya shikamoo nikidhani ni msimamizi."

"Na akaitika?"

"Akaitika marahaba! Ndiyo maana nina wasiwasi."

Kwenye dirisha hilo hilo ndiko alikompata mumewe. Alikuwa fundi baruti, mtu wa maneno machache, labda kwa sababu kazi yake ilikuwa na kelele za kutosha. Miezi mitatu alichukua taa na kurudisha taa bila kusema zaidi ya asante. Siku moja akarudisha taa na mkononi ana andazi limefungwa gazetini. "Hili halina namba," akasema, akaondoka huku ameinamisha kichwa. Walioana mwaka huohuo, wakapata binti mmoja.

Handaki lilianza binti akiwa hajatambaa. Mgodi ulikuwa umejaa maji kuliko madini, pampu zimezidiwa, na kampuni ikaamua kutoboa njia ya kuyatoa maji hayo mpaka bonde la pili. Shida ni kwamba bonde la pili halikuwa lao. Hawakuwa na kibali cha kuchimba hata kisima. Basi wakachagua wanaume saba waliojua kunyamaza, fundi baruti akiwa mkubwa wao, wakawa wanaingilia upande wa pili wa kilima, mbali na macho ya watu. Mama Taa akaambiwa taa zao aziandike kama za karakana, na kila asubuhi azipeleke mwenyewe. Alizibeba kwenye toroli mpaka mguu wa kilima, kisha kwa zamu mgongoni, saa nzima na nusu ya kupanda na kushuka. Kwa miaka miwili aliijua njia ile kama anavyojua njia ya kwenda msalani.

Handaki lilipounganika na mgodi na maji kuanza kutiririka, wale saba waliendelea kulipanua. Asubuhi moja, baada ya kukabidhi taa na kumpa mumewe chupa ya uji, Mama Taa alikuwa ameshafika mgongoni mwa kilima aliposikia ardhi inanguruma chini ya miguu yake. Hakukuwa na mlipuko uliopangwa saa hiyo. Aliangusha fimbo akarudi mbio. Mdomo wa handaki ulikuwa unatoa vumbi kama moshi wa tanuri, na ndani hamkuwa na sauti.

Msaada aliouita ulikuja, lakini haukuja na koleo. Alikuja meneja na wasimamizi wawili na gari la udongo. Mchana wa siku ya pili mdomo wa handaki ulikuwa umezibwa kwa mawe, na juu yake yakapandwa majani. Siku ya tatu tangazo likabandikwa langoni: wafanyakazi saba wa karakana wametoroka kazini, na wameiba baruti.

"Mtu anayetoroka habebi taa ya kilo tano mchana kweupe," Mama Taa alimwambia meneja, amesimama mbele ya meza yake na mtoto kiunoni. "Taa saba zimetoka mkononi mwangu. Hazikurudi. Zimetoroka nazo?"

Meneja akamjibu taratibu kwamba nyumba anayolala ni ya kampuni, na shule anayofundisha shemeji yake ni ya kampuni.

Basi mtaa ukanyamaza. Wengine walinyamaza kwa hofu, wengine kwa sababu uongo ukirudiwa sana huota mizizi. Wake saba wakawa wake za wezi. Binti yake alirudi siku moja kutoka shule na kidonda mdomoni, amepigana kwa kuitwa mtoto wa mtoro. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwalimu wa hesabu, alikuwa akija Jumapili, anakunywa chai, anatazama sakafu. Mama Taa hakumfukuza. Ila kila Jumapili alimuuliza swali lilelile, "Mwalimu, ndugu yako ni mwizi?" Na kila Jumapili mwalimu aliiweka bilauri chini na kujibu, "Hapana, shemeji." Nje ya nyumba ile hakulisema jibu hilo kwa mtu yeyote.

Miaka mitano baadaye madini yakaisha na kampuni ikafunga virago. Shimo kubwa likafunikwa kwa bamba la zege. Waliokuwa na pa kwenda walikwenda. Waliobaki walilima, wakafuga, wakageuza chumba cha mashine kuwa ghala, wakaendelea kuishi kwenye nyumba zile za matofali zenye chumba kimoja kikubwa na dirisha moja dogo. Mama Taa alibaki. Alifungua duka la kutengeneza redio na tochi, akasomesha binti mpaka akawa muuguzi. Walipomuuliza kwa nini haondoki kumfuata bintiye mjini, alijibu, "Nikiondoka nani atasema kwamba hawakutoroka?"

Ndivyo miaka thelathini na moja ilivyopita mpaka siku ya rangi nyekundu.

Mara ya pili alisema mkutanoni, uwanjani mwa shule. Mkuu wa mradi wa bwawa alikuwa ameeleza vizuri jinsi makaburi yote yatakavyohamishwa kwa heshima, hata yasiyo na majina. Mama Taa akanyoosha mkono.

"Makaburi saba mmeyasahau."

"Yapo wapi, mama?"

"Ndani ya handaki ambalo mkijaza bwawa lenu litayanywa maji yote na kuyatapika bonde la pili."

Watu wakacheka. Mkuu wa mradi naye akacheka kidogo, akasema wataalamu wamelipima bonde kwa vyombo vya kisasa. Pembeni yake alikuwa ameketi mwanamke wa makamo, amevaa viatu vya tope, watu wakimwita Injinia. Yeye hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari lake. Kisha akafunga daftari.

"Vyombo vyenu vimepima ardhi," akasema Mama Taa kabla hajaketi. "Mimi nimeipitia na toroli. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Jioni hiyo mwalimu alikuja ingawa haikuwa Jumapili. Alikuwa amestaafu, nywele zimekuwa pamba. Alisimama mlangoni bila kuketi. "Shemeji," akasema, "nimewasikia wakikucheka, nami nilikuwa nimekaa katikati yao. Nipe karatasi." Akaandika barua ya kurasa nne kwa mwandiko wake wa ubaoni, akaeleza handaki, tarehe, majina ya wanaume saba na tangazo la uongo, akatia saini yake kwanza. Watu kumi na wanane wakatia za kwao. Hiyo ikawa mara ya tatu. Jibu lilikuja kwa mistari miwili: maoni yamepokelewa.

Walihamishiwa makazi mapya upande wa juu, nyumba za bati jipya zinazong'aa mpaka ng'ombe waliogopa. Mama Taa alikuwa wa mwisho kutoka. Aling'oa mlango wake na dirisha lake, akachukua na kipande cha mbao chenye dirisha dogo la chumba cha taa, alichokitunza tangu mgodi ufungwe, akavipakia vyote kwenye lori. Dereva akamwambia nyumba mpya ina milango. "Najua," akajibu. "Lakini huu unanijua."

Kabla mageti ya bwawa hayajafungwa, alifanya jambo moja zaidi. Alimchukua mwalimu, wakazunguka kilima kwa siku mbili wakipita nyumba hadi nyumba bonde la pili, wakiwaambia watu waliolima kando ya korongo, "Msimu huu pandeni juu. Msilaze mifugo korongoni." Baadhi waliwasikiliza. Wengine waliwapa maji ya kunywa na kuwasindikiza kwa heshima.

Maji yalipanda wiki tisa. Yalifunika shule, yakafunika duka la tochi, yakabakiza bomba la moshi la chumba cha mashine likichungulia. Wiki ya kumi hayakupanda. Mvua inanyesha, mto unaingia, bwawa limesimama palepale. Na bonde la pili, korongo lililokuwa kavu tangu handaki lizibwe likaanza kububujika maji ya rangi ya kutu. Kwa siku nne mashamba ya chini yakawa ziwa. Hakufa mtu. Mbuzi walikufa, na waliowapoteza ndio walewale waliotoa maji ya kunywa.

Injinia alikuja kwenye nyumba ya bati asubuhi, na mkuu wa mradi nyuma yake. Binti yake Mama Taa alikuwepo, amekuja likizo. Wageni wakakaribishwa viti.

"Mama," akaanza mkuu wa mradi, "tunahitaji utuonyeshe huo mdomo. Tumetafuta siku tatu. Maji yanatokea kwenye nyufa nyingi, na pori limefunika kila kitu."

"Mdomo wa nini?"

"Wa handaki."

"Kwenye ramani yenu hakuna handaki."

Mama Taa akaendelea kumenya viazi.

"Kama lipo handaki," akasema, "basi wapo waliolichimba. Andikeni. Andikeni kwamba handaki lipo, lilichimbwa kwa siri, na wanaume saba walifia ndani wakiwa kazini. Hawakutoroka, hawakuiba. Majina yao haya hapa. Weka saini na muhuri, na uandike kwamba mtawatafuta kabla ya kumwaga zege. Nikishaiona, navaa viatu."

"Mama, hilo linahitaji vikao. Kuna watu wanateseka kule chini!"

Binti akamtazama mama yake kwa wasiwasi. "Mama, ni kweli. Watu…"

"Najua ni kweli, mwanangu. Ni mimi niliyekwenda kuwaambia wahame, nikiwa na goti hili. Huyu bwana alikuwa wapi?" Akageuka. "Karatasi ni kazi ya dakika kumi. Nyinyi mmechelewa, si mimi. Niliwaambia mara tatu. Mwalimu ana nakala."

Mkuu wa mradi akafungua mdomo, lakini Injinia akamtangulia. Alitoa daftari lilelile kwenye begi, akalifungua ukurasa wa mkutano ule, akaliweka mezani. Palikuwa na mstari mmoja: *Bibi anasema kuna handaki. Kufuatilia.*

"Sikufuatilia," akasema. "Niliona haya kuonekana mjinga mbele ya wenzangu. Bosi, aandikiwe. Tusipomwandikia leo, mimi nitaandika kwa jina langu."

Kikaandikwa kile alichokitaka. Muhuri ulitolewa kwenye gari. Mama Taa alikisoma mara mbili, akasahihisha jina moja lililokosewa herufi, akampa binti akitunze. Kisha akavaa viatu.

Alipanda kilima akiwa na fimbo mkono mmoja na bega la binti yake mkono mwingine, watu wa mradi nyuma wakihema. Miti ilikuwa imebadilika, njia imekufa. Lakini mteremko haubadiliki. Alishuka, akasimama kwenye ukingo wa korongo, akatazama mwamba wenye umbo la goti, akahesabu hatua, akapiga fimbo kwenye kichaka cha miiba.

"Hapa."

Walifyeka. Chini ya udongo yakaonekana mawe yaliyopangwa kwa mikono ya watu, na katikati yake maji yakichuruzika.

Ilibidi bwawa lipunguzwe ili handaki likauke. Mwezi mzima mageti yalikuwa wazi, na mtaa wa zamani ukaibuka tena umepakwa tope, watu wakawa wanakuja ukingoni kunyoosheana vidole: ile yangu, ile yako, pale ndipo uliponipiga kwa ufagio. Kisha wafanyakazi waliovaa kofia ngumu wakaingia ndani, wakitoa kifusi ndoo kwa ndoo. Mama Taa aliketi nje kila siku kwenye kiti cha kukunja. Hakuna aliyethubutu kumwambia arudi nyumbani.

Siku ya kumi na moja msimamizi wao alitoka na taa iliyoshikwa na kutu, ameibeba kwa mikono miwili kama mtoto. Mama Taa aliisugua namba kwa ncha ya kanga.

"Mia moja na nne," akasema. "Huyu alikuwa na kovu kidole gumba. Mkewe yupo. Mwiteni."

Walipatikana watano kwa siku tatu. Kila mmoja alimtaja kwa namba, bila kitabu. Taa mbili nyingine zilitoka bila wenyewe, na moja ilikuwa ya fundi baruti. Mbele ya mahali zilipookotwa paa la mwamba lilikuwa limeshuka lote, na mawe yalianza kulia kila walipogusa.

Msimamizi alivua kofia. "Mama, tumeahidi. Tukipata nguzo za chuma tunaweza kujaribu siku mbili zaidi."

Mama Taa aliwatazama wale wafanyakazi waliokaa chini wamechoka, mmoja wao anakula mkate kwa mikono yenye tope. Binti yake akamshika bega.

"Handaki hili limekula saba," akasema. "Sitaki wa nane. Fungeni."

Akalia hapo, mbele ya watu wote, kwa sauti, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona kwa miaka yote ile. Hakujifunika uso. Mwalimu alikuja akaketi chini karibu na kiti chake, naye akalia.

Watano walizikwa makazi mapya, na jiwe likasimamishwa lenye majina saba. Meneja wa zamani alikuwa ameshakufa na kampuni haikuwa na anwani, kwa hiyo hakushtakiwa mtu. Hilo Mama Taa hakulisamehe, na hakuna aliyemshawishi alisamehe.

Siku ya kuzindua bwawa alipewa kiti safu ya tatu. Mgeni wa heshima alisoma hotuba ndefu, akafika mahali pa kusema kwamba mradi umeleta uhai kwenye bonde lililokuwa tupu. Mama Taa akasimama. Hakuwa kwenye ratiba.

"Samahani, mheshimiwa. Bonde tupu ni lipi?"

Mgeni wa heshima akatazama karatasi yake.

"Bonde hilo lilikuwa na nyumba mia mbili na kumi, shule, duka langu, na watu waliochimba mpaka migongo ikapinda. Hujakosea wewe, karatasi uliyopewa ndiyo iliyokosea. Mpe mwenye kuandika akuandikie upya. Sisi tupo, tutasubiri."

Makofi yalianzia nyuma, kwa wafanyakazi wa zege, yakasambaa mpaka jukwaani. Mgeni wa heshima alikuwa mtu mwelewa, au mtu mwoga. Alikunja karatasi, akamaliza kwa maneno ya kichwani, na bonde halikuwa tupu tena.

Sasa ana miaka sitini na mitatu. Mwezi uliopita walikuja kwake wageni watatu kutoka mbali, siku mbili za safari, watu wa mtaa mwingine wa wachimbaji, nao wameanza kuona wapimaji. Walitaka ushauri. Aliwapa chai, akawauliza kama wana ramani. Hawakuwa nayo.

"Mchore ya kwenu kabla hawajawaletea ya kwao. Kaeni na wazee, muwaulize kila shimo, kila kisima, kila aliyelala chini na hakutajwa. Na kila mnachokisema, kiwekeni tarehe."

Wakamwomba aje mwenyewe. Binti alipopata habari alipiga simu akiwa zamuni hospitalini.

"Mama, hilo goti la kusafiri siku mbili?"

"Goti linakaa garini, mwanangu. Kinachofanya kazi ni mdomo."

"Na wakikuambia hayakuhusu?"

"Wataniambia, ndiyo," akasema Mama Taa, akikunja kanga ya pili na kuiingiza begini. "Niletee tu ile dawa ya kuchua, nikirudi tutagombana vizuri."